Pokea, Ongeza

Fundi friji hakupenda dada yake aitwe Chenji. Lakini jina la jukwaani halina adabu. Humfuata mtu hadi nyumbani, hukaa naye mezani, na mwisho hata majirani hulitumia bila kuuliza limetoka wapi. Chenji alilipata lake siku ya kwanza alipojitosa kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akiwa bado keshia wa duka la vyakula. Kocha wa kikundi cha wachekeshaji kilichofanyia mazoezi humo alimwuliza anafanya kazi gani, naye akajibu kwa uchovu wa kweli: "Kazi yangu ni kuwaambia watu sina chenji." Watu wakavunjika mbavu. Yeye hakuwa amekusudia kumchekesha mtu, na labda ndiyo maana kicheko kile kilimwingia hadi ndani kabisa. Ukeshia akauacha mwaka uleule.

"Hivi hayo maonyesho yenu mnafanyia mazoezi nini," kaka yake alimwuliza mara nyingi, bisibisi ikiwa mdomoni, "kama mnasema hamjui mtakachoigiza?"

"Tunafanya mazoezi ya kutojua, kaka."

"Na watu wanakata tiketi?"

"Wanakata."

"Mimi nikienda kwa mteja sijui ninachofanya, napigwa."

Chenji alicheka, maana lilikuwa jibu zuri. Alimwambia angefaa jukwaani. Fundi hakucheka. Wateja walipomwuliza dada yake yuko wapi siku hizi, alijibu "yupo yupo tu", akainamia kazi yake. Mmoja wao, mwenye friji iliyokuwa ikivuja, alimkuta Chenji sebuleni kwa fundi, palipokuwa ndiyo karakana, akamwambia, "Kumbe wewe ndiye mchekeshaji? Haya, tuchekeshe." Alisimama akingoja, mikono nyuma. Chenji alitabasamu kama mjinga, na kaka yake akaona aibu kwa ajili ya wote wawili.

Kwa hiyo mama yao alipoanza kusahau, akaacha jiko likiwaka mara ya pili na kuhamishiwa kwa fundi, haikuhitaji kikao kujua nani atashinda naye. Fundi alikuwa na friji za watu. Mke wake alikuwa na darasa la chekechea hadi mchana. "Wewe si una nafasi," fundi alimwambia dada yake, na neno hilo *nafasi* alilitamka kana kwamba ni ugonjwa. Daktari alikuwa amewaeleza waziwazi: hakuna dawa ya kuirudisha akili iliyokwenda. Kutakuwa na siku nzuri na siku mbaya, na siku nzuri zitazidi kupungua. Kama kuna jambo la kuzungumza na mama, akasema, mlizungumze sasa.

*

Ilianza asubuhi moja Chenji akimsuka. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa kimeegemea magoti ya binti yake, kimya. Kisha akageuka, akamkazia macho, uso ukamchangamka.

"Mdogo wangu! Umekuja?"

Mtu mwingine angesema, hapana mama, ni mimi mwanao. Kaka yake ndivyo alivyokuwa akisema kila mara, kwa sauti ya juu kana kwamba tatizo ni masikio. Mama aliposahihishwa alishtuka, akanyamaza na kukataa kula. Lakini Chenji alikuwa amefundishwa kitu kingine, na alikuwa amekishika vizuri kuliko wote kikundini.

Kocha alikuwa na amri moja tu: pokea, ongeza. Mwenzako akija jukwaani akakwambia, "Daktari, mguu wangu umegeuka ufagio," usithubutu kumjibu kuwa wewe si daktari. Ukimkatalia umemvua nguo mbele za watu. Unasema, "Nauona, na umenifagilia vizuri hapa mlangoni." Umepokea, umeongeza, na mchezo umepata uhai. Wageni walipokuja kujifunza, hapana zao ziliwaponyoka bila kujijua, na Kocha aliwapigia filimbi. Chenji alikuwa amepita mwaka mzima bila kupigiwa filimbi.

"Nimekuja, dada," akamjibu mama yake.

"Nilidhani hutakanyaga tena kwangu. Baada ya yale ya pasi."

Habari za pasi Chenji alizijua nusunusu. Mama na mama mdogo, wakiwa wasichana, walishona pamoja kwenye chumba kimoja cha kupanga. Chumba kikaungua. Tangu hapo dada wawili hawakusemezana, na kila mtoto alipouliza kulikoni, mama alisema, "Yalikwisha hayo," kwa sauti ya mtu ambaye hayajamwisha. Nani alimkosea nani, hakuwahi kutamka.

"Niliiacha ikiwaka," mama akasema sasa. Machozi yalikuwa yamemjaa. "Niliiacha juu ya meza, nikaenda zangu. Nguo za watu zote. Magauni ya harusi."

Hapo ndipo binti angeuliza: kweli, mama? Ilikuwaje? Lakini mchekeshaji haulizi. Kuuliza ni kumtupia mwenzako mzigo, ndivyo alivyofundishwa.

"Ndiyo, dada," akasema. "Uliiacha."

Mama alimshika mkono, akaupapasa. Chini kidogo ya kiwiko kulikuwa na kovu, ngozi laini inayong'aa, ambalo Chenji alilipata akiwakaangia wenzake viazi siku ya mazoezi marefu. Kidole cha mama kilisimama juu yake.

"Hili ni la siku ile?"

"La siku ile. Niliingia ndani kuokoa gauni la yule bibi harusi."

"Mungu wangu. Ukalipata?"

"Nilitoka na mkono mmoja tu wa gauni."

Mama alimtazama, machozi yakimtiririka, kisha midomo ikaanza kumcheza. "Mkono mmoja," akasema. "Na bibi harusi angevaa nini na mkono mmoja?" Akaangua kicheko, akilia palepale, akijipangusa kwa upande wa kanga. Ilikuwa miezi tangu acheke hivyo. Alipotulia akauliza kwa sauti ndogo, "Umenisamehe?"

"Zamani sana, dada."

Mchana ule mama alimaliza sahani yake. Mke wa fundi, aliporudi kutoka chekechea, aliinua ile sahani tupu akaigeuza kana kwamba chakula kimefichwa chini. "Wifi, umempa nini?" akauliza. Chenji alieleza, akiiga sauti zote mbili, na wifi yake akacheka hadi akaketi. Hata fundi, aliyekuwa akisikiliza kutoka sebuleni, alikuja mlangoni, akasimama kidogo na kusema, "Basi angalau kuna siku hiyo kazi yako imefaa."

Kwa kaka yule, hiyo ilikuwa sifa kubwa. Chenji aliikumbuka usiku kucha.

*

Kikundini alisimulia tena, safari hii akitia chumvi kidogo. Wenzake walipiga makofi. Mmoja, kinyozi wa mtaa wa pili ambaye huwa na wivu wa wazi, alisema kuwa onyesho la namna hiyo hata mfalme hawezi kulinunua. Kocha peke yake hakupiga makofi. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyewahi kuwa karani mahakamani, na alizoea kusikiliza upande wa pili.

"Huyo mama mdogo wako," akasema, "yuko hai?"

"Yuko hai. Anaishi mbali kidogo."

"Basi mwite. Sisi tunaigiza watu ambao hawapo."

"Nitamwita, Kocha. Lakini mama anafurahi, si ndiyo muhimu?"

"Nimesikia," akasema Kocha, akawapanga kwa zoezi linalofuata. Walikuwa wamealikwa kwenye ukumbi mkubwa wa mjini, wenye pazia halisi na viti vinavyokunjwa, na Chenji ndiye angefungua onyesho. Hakuna mtu kikundini aliyelala vizuri wiki zile.

Namba ya simu ya mama mdogo aliitafuta fundi. Alizunguka kwa ndugu, akapata, akampa dada yake. "Mpigie wewe," akasema. "Mimi simu za machozi siziwezi. Mwambie aje mama akiwa bado ana siku nzuri."

Chenji akapokea. Hakupiga.

Sababu alizokuwa nazo zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na sura ya kuaminika. Leo mama amechoka. Kesho kuna mazoezi. Mama mdogo mwenyewe kwa miaka yote hii hakupiga simu, anajuaje kama atapokea? Labda atakuja na maneno makali amwondolee mama furaha yake. Lakini sababu ya kweli, ile ambayo angeona haya kumwambia hata wifi yake, ni kwamba alikuwa ameipenda sehemu ile. Hakuwahi kuigiza vizuri namna ile mahali popote. Hakuna mtazamaji aliyewahi kumwamini hivyo. Na tangu azaliwe, mama yake hakuwahi kumtazama yeye, binti mwenye kazi isiyoeleweka, kwa macho yale ambayo sasa alimtazamia mdogo wake aliyerudi.

Kwa hiyo mchezo uliendelea. Mama alikuwa akisahau msamaha kabla ya jua kuchwa, lakini kosa hakulisahau. Kila asubuhi alianza upya: mdogo wangu umekuja, niliiacha pasi. Kila asubuhi Chenji alipokea na kuongeza. Mama aliposema, "Baba alifanya vizuri kunifukuza," yeye akasema, "Ndiyo, ila mimi nilimlilia baba asikufukuze, nikamshika miguu." Mama alilia sana siku hiyo kwa uzuri wa moyo wa mdogo wake. Kisha kikafuata kichekesho kuhusu miguu ya baba na viatu vyake, mama akacheka, akala.

Wifi yake ndiye aliyeanza kuona mbali. Alianza kumkuta mama akizunguka nyumba, akichomoa nyaya zote ukutani. Friji za wateja zilikutwa zimezimwa, na fundi akatukanwa na mtu aliyekuwa amehifadhiwa humo dawa zinazohitaji baridi, zikaharibika.

"Wifi," akamwambia Chenji wakianua nguo, "mbona mama lazima alie kwanza ndipo acheke?"

"Analia kidogo tu. Baadaye anasahau."

"Mimi nakaa na watoto wadogo. Mtoto akilia kila asubuhi kwa jambo moja, hatumchekeshi tukaishia hapo. Tunauliza hilo jambo. Umewahi kumwuliza mama mdogo ile pasi ilikuwaje?"

"Nitampigia wiki hii."

"Wiki iliyopita pia ulisema hivyo," wifi yake akajibu, na kumpokonya shuka.

*

Siku nzuri ilikuja, na ilikuja siku mbaya kwa Chenji: siku ya onyesho. Alikuwa mbele ya kioo, anatafuta hereni ya pili, kichwa kimejaa taa na viti na watu asiowajua. Mama alikuwa kitandani amejiegemeza, macho maangavu, akimtazama kwa utulivu ambao haukuwa umeonekana kwa muda mrefu.

"Mwanangu, unakwenda wapi umependeza hivyo?"

*Mwanangu*. Chenji aliligundua neno, akafurahi, akaahidi moyoni kwamba akirudi atakaa naye. "Kazini, mama."

"Ile ya kuchekesha."

"Ndiyo, mama."

"Usinione nimenyamaza siku zote, naijua. Nilisikia unavyowaigiza wateja wa kaka yako." Mama alikunjakunja ncha ya shuka. "Mwanangu, kuna jambo. Unajua mimi ile pasi sikuiacha?"

Hereni ilikuwa imeangukia chini ya meza. Chenji alipiga magoti, akanyoosha mkono kuipapasa.

"Ndiyo, mama," akasema.

Hakusikia. Au masikio yalisikia na mdomo ukajibu wenyewe, kama ulivyofundishwa, ndiyo baada ya ndiyo mwaka baada ya mwaka, mpaka neno lenyewe likawa halina mtu ndani yake. Mama alimtazama alivyokuwa ameinama pale chini. Alitaka kuendelea. Lakini mtu aliyekwisha kukubaliwa hana la kuongeza, na kwa kuwa kusema kulimchosha, akaridhika kwamba amesema. Chenji akaipata hereni, akambusu kwenye paji la uso, akatoka mbio.

Onyesho lilikwenda vizuri mno. Watu wa viti vya nyuma walisimama. Kocha alimkumbatia, na mtu mmoja mwenye koti zuri akamwuliza kama wangeweza kurudi kila mwezi. Kwa mara ya kwanza Chenji aliweza kusema, bila kujitetea na bila kutania, kwamba hii ni kazi yake.

Siku nzuri nyingine haikuja tena.

*

Fundi aligundua kwa njia ya kijinga. Alikutana na binamu mmoja dukani, akamwuliza kwa nini mama mdogo haji, na binamu akashangaa: mama mdogo hana habari, hajapigiwa na mtu. Fundi hakumpigia dada yake kelele. Alirudi nyumbani, akanawa mikono hadi viwiko, akaketi na kupiga simu mwenyewe, yeye asiyeweza simu za machozi. Upande wa pili sauti ya mwanamke ikasema, "Kesho nitakuwa hapo."

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye blauzi ya mikono mirefu iliyofungwa vifungo vyote, mshono safi wa mtu anayejishonea. Chai aliyopewa hakuigusa. Alikaa ukingoni mwa kochi katikati ya friji mbili zilizofunguliwa milango, mkoba juu ya mapaja, akamwambia fundi, "Nipeleke kwa dada kabla sijaishiwa nguvu."

Wote wakaingia. Mama alikuwa macho. Mama mdogo hakungoja kiti, alipiga magoti palepale kando ya kitanda.

"Dada."

Mama alimtazama kwa heshima. "Karibu, mama," akasema.

"Ni mimi, dada. Mdogo wako. Nimekuja kukuomba radhi." Alisema kwa haraka, kama mtu aliyekariri maneno njia nzima na anaogopa kupoteza mstari. "Ile pasi niliiacha mimi. Wewe ulikwishaondoka. Baba aliponiuliza nikaogopa, nikasema ni wewe. Akakufukuza wewe, mimi nikabaki nyumbani. Nilikuwa nasubiri unitukane tu ili nipate pa kuanzia kukuomba radhi, na wewe hukunitukana. Ukaninyamazia. Kila mwaka nikawa nasema mwaka huu nitakwenda."

Chenji aliutazama mkono wake wenye kovu. Wifi yake, nyuma, alitoa sauti ndogo na kuziba mdomo.

Mama alikuwa ameshtuka, lakini kwa namna ya mwenye nyumba aliyepata mgeni asiyejiweza. Aliweka mkono begani kwa mwanamke yule. "Inuka, mama, usipige magoti. Umekosea nyumba. Mdogo wangu yumo humu humu ndani, anakaa nami kila siku." Akamwonyesha Chenji kwa kidevu. "Ana alama ya moto mkononi. Wewe unayo?"

"Alama gani, dada?"

"Nionyeshe mikono."

Mama mdogo alifungua vifungo, kimoja baada ya kingine, akakunja mikono ya blauzi hadi juu, akainyoosha yote miwili mbele ya dada yake, viganja juu, kama mtoto anayekaguliwa kabla ya kula. Ilikuwa mikono ya mshonaji, yenye mishipa, safi, isiyo na alama yoyote. Mama aliigeuza huku na huku kwa uangalifu. Alitaka kwa moyo wote kumtendea haki mgeni wake.

"Unaona?" akasema kwa huruma. "Na tafadhali, mdogo wangu usimsingizie. Pasi niliiacha mimi. Yeye aliingia motoni."

*

Sebuleni Chenji alieleza yote. Safari hii hakuiga sauti ya mtu. Fundi alisimama dirishani akiwapa mgongo.

"Kwa hiyo ulimwambia ni yeye," akasema mama mdogo.

"Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, mama mdogo. Mimi nilipokea tu."

"Neno hilo alilisikia kwa baba, kwa majirani, kwa kila mtu mpaka akazeeka nalo. Mimi ndiye niliyelianzisha. Ungemwuliza tu mtu." Mikono ya blauzi ilikuwa bado imekunjwa, na alikuwa amesahau kuishusha. "Mimi nilimsingizia mara moja. Wewe umemsingizia mara ngapi?"

Chenji alianza kuzihesabu zile asubuhi, akaacha. Alilia, na hakuna aliyemsogelea, hata wifi yake, ambaye kwa kawaida hakuweza kumwona mtu akilia.

"Nyamaza," mama mdogo akasema baada ya muda, bila ukali. "Machozi yako hayatanisaidia. Mimi hanijui. Wewe ndiye anayedhani ni mimi. Nenda ukamwambie. Useme nilivyosema."

Chenji akaenda. Mama mdogo alimfuata, akabaki mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Mama alifurahi kumwona, akampisha nafasi kitandani. "Yule mgeni amekwenda? Maskini, nadhani hana watu."

"Dada," Chenji akasema. Akaketi kando yake. "Dada, nisikilize vizuri. Pasi niliiacha mimi. Wewe ulikwishaondoka. Nilimdanganya baba."

Mama alitikisa kichwa taratibu. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye lile kovu. "Mtu aliyeacha pasi haingii motoni. Anakimbia, kama nilivyokimbia mimi."

"Sikuingia motoni. Hili si la moto ule. Ni la mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya kukaangia viazi."

Mama alimkodolea macho. "Viazi," akasema. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtikisa mabega. "Chumba kinateketea, na wewe unakaanga viazi!"

"Mama, sichezi. Hapana. Hapana, mama. Mimi si mdogo wako, mimi ni mwanao. Yote nilitunga. Mimi ni mwanao."

Alisema kwa nguvu zake zote, kwa uso uliolowa, bila hila hata chembe, na mama akazidi kucheka. Alikuwa amecheza mchezo huu kila asubuhi na mwalimu hodari, na alikwisha kuujua.

"Ndiyo," akasema, akijipangusa macho, "wewe ni mwanangu. Na nilikuzaa ukiwa na meno yote, ukaniomba viazi." Akacheka mpaka akakohoa. Chenji alimshika mgongo, akamnywesha maji. Kidogo kidogo kicheko kilikwisha, na uso wa mama ukarudi ulivyokuwa kila asubuhi kabla ya chakula.

"Unapenda kunibebea, najua," akasema. "Tangu utoto. Lakini hili niachie, mdogo wangu. Ni la kwangu, nitakwenda nalo."

Akamwona mwanamke aliyesimama mlangoni na mikono wazi, akakumbuka adabu.

"Kumbe bado upo, mama! Usiondoke na njaa. Wakupakulie ule kwanza, ndipo uwatafute watu wako."

"Asante, dada," akasema mama mdogo.

"Si neno. Ila usiniite dada," mama akamwambia kwa upole, akiuvuta mkono wa binti yake kifuani. "Nina mdogo mmoja tu, na huyu hapa."